Utafiti wa kununua na utafiti wa kuuliza



Oktoba 2025, ilipotangazwa kwamba Omar Yaghi amepata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Susumu Kitagawa wa Japani na Richard Robson wa Australia, barza yetu ya hapa Muscat haikuwa na jengine la kuzungumza wiki nzima. Mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina, kazaliwa Amman mwaka 1965, nyumba yao ikipata maji ya mfereji saa chache tu kwa wiki, na leo ni mmoja wa waliotengeneza vitu vyenye vitundu visivyoonekana kwa jicho, ambavyo vinaweza kuteka maji kutoka kwenye hewa ya jangwani! Mzee mmoja, mhandisi mstaafu, akasema: "Mmeona? Waislamu tunaweza." Hajamaliza, mwengine akamjibu: "Tunaweza, lakini tukiwa California."

Tulicheka, ila kicheko kile hakikunipendeza. Huu ni mjadala wetu ule ule wa miaka nenda miaka rudi, na kila siku unaishia pale pale. Mmoja atasema dini ndiyo iliyotufunga. Wa pili atasema la, tumeacha dini ndiyo maana tumerudi nyuma, na hapo atakutajia Al-Khwarizmi na Ibn al-Haytham na Baghdad ya Al-Ma'mun, na chai itapoa. Wa tatu, ambaye aghlabu ni msomi kama mie, atasema tatizo ni pesa, serikali zetu hazitoi pesa za utafiti. Kisha tunakwenda kusali Isha na kila mtu anarudi kwake na rai yake aliyokuja nayo.

Hoja ya dini, kwa pande zote mbili, mie naiona haina miguu. Abdus Salam alipata Nobel ya fizikia 1979 akifanya kazi London (najua wapo watakaotaka kubishana kuhusu madhehebu yake, si mahali pake hapa). Ahmed Zewail wa Misri alipata ya kemia 1999 akiwa California, Aziz Sancar wa Uturuki 2015 akiwa North Carolina, na sasa Yaghi. Hawa hawakuzaliwa tena walipopanda ndege. Kichwa kilichotoka Damanhur ndicho hicho hicho kilichofika Pasadena. Kilichobadilika ni mahali: kuna mtu aliyewaacha wakae na swali moja miaka ishirini bila ya kuwauliza kila mwezi wa Disemba wamefika wapi.

Hoja ya pesa ina uzito zaidi, lakini nayo tunaitumia kivivu. Ni kweli kwamba Oman, kama nchi nyingi za Kiarabu, matumizi yake ya utafiti hayajafika hata nusu ya asilimia moja ya pato la taifa. Uturuki imeshapita asilimia 1, Korea ya Kusini inazungukia 5. Umoja wa Afrika uliwataka wanachama wake wafike asilimia 1, na wengi wao hawajafika. Sawa. Lakini hebu tujiulize, pesa zikija zitamlipa nani, afanye nini, kwa muda gani? Maana hapa Ghuba nimeona vifaa ambavyo maabara za Uingereza nilikosomea zingevililia, vimefunikwa plastiki.

Nataka nichukue mfano wa hapa hapa, tena mfano ambao sie Waswahili wa Oman tunao mkono ndani yake: mafuta.

Mafuta ya Oman si kama ya Kuwait. Visima vya Oman vimetawanyika jangwani, miamba yake ni migumu na yenye nyufa, na mengi ya mafuta yenyewe ni mazito. Nchi ilianza kuuza nje Julai 1967, na kwa miaka zaidi ya thelathini kiwango kikapanda na kupanda mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalipokuwa yakitoka mapipa kama 950,000 kwa siku. Halafu yakaanza kushuka. Kufika 2007 yalikuwa 710,000 hivi. Yaani robo ya mafuta ya nchi ilipotea ndani ya miaka sita au saba, na lau bei duniani isingepanda wakati huo huo, tungesikia kilio. Yibal, kisima mama, ndicho kilichoumiza zaidi. Miaka ya 1990 palichimbwa pale visima vya kulala, vinavyokwenda ubavuni ndani ya mwamba badala ya kushuka tu chini, na mafuta yakatoka kwa kasi. Baada ya hapo yakaanza kutoka maji.

Sasa hapa ndipo penye somo. Januari 2004 kampuni ya Shell ilikiri mbele ya dunia kwamba ilizidisha hesabu ya akiba zake, ikafuta mapipa kama bilioni 3.9, karibu asilimia 20 ya akiba yote iliyokuwa ikijinadia. Oman ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoguswa na hesabu hizo. Kumbukeni kwamba katika PDO, kampuni kubwa ya mafuta ya hapa, serikali ina asilimia 60 na Shell 34. Kwa hivyo mwenye 60 alikuwa akimtegemea mwenye 34 amwambie ndani ya ardhi yake mwenyewe mna nini! Sisemi kwamba watu walikuwa wajinga. Walikuwepo wahandisi hodari, na baadhi yao tukisalimiana nao kwa Kiswahili pale Mina al Fahal. Ila ujuzi wa kupima mwamba, wa kujenga ule mfano wa hesabu unaosema "hapa mmebaki mapipa kadhaa", ulikuwa na kwao kwengine, Uholanzi, kwenye maabara za Shell za Rijswijk.

Yaliyofuata ni mazuri, na lazima niyaseme kwa haki. Oman iliamua kuyafuata yale mafuta magumu. Anayetaka kufahamu tatizo lake aende jikoni asubuhi ya baridi akajaribu kumimina samli. Haimiminiki mpaka uipashe moto. Na ukijaribu kuisukuma kwa maji, maji yanapita pembeni na samli inabaki imekaa. Kwa hivyo ziko njia mbili kubwa: ama uyapashe mafuta moto kule chini kwa mvuke, ama uyafanye maji yawe mazito kwa kuyatia polima, ili yasipite pembeni bali yasukume. Kule Mukhaizna, kampuni ya Occidental iliyoingia 2005 ilitumia mvuke, na uzalishaji ukatoka chini ya mapipa 10,000 kwa siku ukapita 100,000. Marmul, kusini, polima ilianza kazi 2010. Qarn Alam mvuke ulianza 2011, katika mwamba wa chokaa wenye nyufa, kwa ukubwa ambao haujawahi kufanywa popote duniani katika mwamba wa namna ile. Kufika 2016 nchi ilikuwa inatoa mapipa kama milioni moja kwa siku, zaidi ya yale ya mwanzo wa karne.

Mapipa kama 240,000 kwa siku yaliyopotea yakarudi, na ziada juu yake. Mtu akikuuliza utafiti wa sayansi unasaidia nini uchumi wa nchi ya Kiislamu, mpe hesabu hiyo: hospitali, skuli, mishahara ya walimu (na wangu) imetoka katika samli ile iliyopashwa moto.

Na watu wake ni nani? Wengi wenu mnawajua. Mwaka 1970, Sultan Qaboos alipotwaa madaraka, Oman yote ilikuwa na skuli tatu na wanafunzi wasiofika 1,000, wavulana watupu. Waliporejea wale waliozaliwa Unguja na Pemba, Mombasa, Bujumbura na kwengineko, walikuja na kitu ambacho hapa kilikuwa adimu: Kiingereza na cheti. Wakaingia kwenye kampuni ya mafuta, jeshini, mahospitalini. Waarabu waliobaki hapa wakiwaita "Wazanzibari" kwa sauti ambayo si ya sifa kila mara, lakini kazi walipewa. Ni skuli za Unguja, za Makerere na za Mombasa zilizowalea. Nikisema Mombasa nakusudia pia ile Taasisi ya Elimu ya Waislamu iliyofunguliwa 1951 kwa michango ya Sultan Khalifa bin Haroub, Aga Khan, Mabohora na serikali ya Kiingereza, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Ilikuwa ni skuli ya ufundi. Iliwatoa vijana wa pwani wanaojua kuiendesha mashine na kuitengeneza ikiharibika, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mkoloni hakuijenga ili itoe mtu wa kuuliza kwa nini mashine iwe vile.

Na nachelea kwamba urithi huo tumeuendeleza wenyewe, hapa na kwetu, baada ya mkoloni kuondoka. Tazameni lililofuata katika mafuta. Ili kupata mvuke unachoma gesi, na gesi Oman inaihitaji kwa umeme. Likaja wazo zuri sana: mvuke utengenezwe kwa jua. Kampuni ya Kimarekani, GlassPoint, ikajenga kule Amal, kusini, mabanda makubwa ya vioo na vioo vinavyokusanya jua ndani yake, mradi ulioitwa Miraah, na mvuke wa kwanza wa mradi huo ukatoka mwishoni mwa 2017. Magazeti yote yakaandika. Mwaka 2020, bei ya mafuta ilipoanguka, kampuni ikaingia kwenye ufilisi. Jina lake likafufuliwa baadaye, na safari hii mradi mkubwa waliokuwa wakiuzungumzia ni wa Saudia. Ujuzi ulikwenda wapi? Uliwafuata waliokuwa nao. Leo wimbo ni haidrojeni ya kijani, shirika la Hydrom limeundwa 2022 kugawa ardhi na kusimamia miradi, na kila mkutano ninaohudhuria nasikia ukubwa wa ardhi, nguvu ya upepo wa Duqm, bei ya kilo. Nauliza swali la kishamba: ile mitambo ya kuyapasua maji, chujio zake za ndani ambazo ndizo siri yote, itakapoanza kuoza kwa vumbi na joto letu, atakayejua sababu atakuwa amekaa wapi? Huwa naambiwa, daktari, hilo limo kwenye mkataba wa matengenezo.

Na hapa niseme la kwangu. Mie nimekaa Muscat miaka kumi na nane nikisomesha na kufanya utafiti wa maji, na sijawahi hata siku moja kuwa na mkataba unaopita miaka miwili. Sikulalamika, nilijua nilichotia saini, na mshahara wake umenijengea nyumba Mbweni. Lakini kuna athari yake ambayo haisemwi. Mtafiti mwenye mkataba wa miaka miwili huuliza maswali ya miaka miwili. Anataka makala tatu zitoke kabla ya kamati haijakaa, basi anachagua jambo ambalo jibu lake analijua nusu. Mwaka mmoja nilipeleka pendekezo, mahali ambapo sitapataja, la kupima maji ya chini ya ardhi ya Batinah kwa miaka kumi mfululizo. Batinah, kama mnavyojua, pampu zilipoingia watu wakavuta maji kuliko yanavyorudi, na bahari ikaanza kuingia chini ya mashamba, mitende ikafa kwa chumvi. Nikajibiwa kwa adabu sana kwamba pendekezo ni zuri, je, naweza kulifanya kwa miezi kumi na nane? Nikalifanya. Tukatoa kitabu chenye jalada la ngozi, tukakizindua hotelini, kwa halwa na kahawa. Miezi kumi na nane ya maji ya chini ya ardhi haisemi kitu! Mvua moja kubwa ikija katikati, hesabu zote zinageuka. Na mie nilijua hivyo nilipokuwa nikikata utepe.

Usinielewe kwamba Oman haifanyi kitu. Nchi iliyoanza na skuli tatu ilifungua Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos 1986, miaka kumi na sita tu baadaye, na vitivo vya udaktari, uhandisi, sayansi, kilimo na ualimu kwa pamoja. Baraza la Utafiti likaundwa 2005, na 2020 likaunganishwa na wizara ya elimu ya juu. Wako vijana wa Kiomani ninaowafahamu, wanaume na wanawake, ambao ni wazuri kunishinda. Na maswali yapo, yamejaa. Ndimu ya Oman, ile wazee wetu wa Unguja wakiagiza kavu kwa ajili ya mchuzi, imekuwa ikiuliwa tangu miaka ya 1970 na ugonjwa unaoota matawi madogo madogo kama ufagio. Kijidudu chake kimeshatambulika, inayodhaniwa kukibeba imeshatajwa, na mashamba ya Batinah bado yanaisha. Au chukua ule wekundu wa baharini wa 2008 na 2009, mwani mdogo usioonekana uliojaa Bahari ya Oman miezi mingi, ukaua samaki na ukafunga baadhi ya mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Muscat inakunywa maji ya bahari tangu mtambo wa Ghubra wa 1976. Mji mzima unategemea bahari isichafuke, na bahari ikachafuka. Hilo si swali la Rijswijk wala la California. Likirudi, ni sie tutakaokaa na ndoo.

Najua msomaji wa Unguja atasema: haya, hizo ni habari za wenye mafuta, sie tuna nini? Mna mwani. Yaani mwani ule mkubwa, wa kulimwa.

Wengi wanadhani kilimo cha mwani kililetwa na kampuni za nje tu. Kampuni zililetwa na mbegu kutoka Ufilipino, ni kweli, na mashamba ya biashara yakaanza 1989 huko Paje na Jambiani. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mtu aliyekuwa akitembea ufukweni miaka mingi akiokota majani ya baharini ambayo sie tuliyaona takataka: Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechukua udaktari wake Hawaii katika mambo hayo hayo. Mwaka 1978 chuo kile kikafungua Taasisi ya Sayansi za Bahari pale mjini Unguja. Kutokana na swali la mtu mmoja, "hili jani lina faida gani?", zikaja kuwa ajira za maelfu ya watu, wengi wao sana wanawake, na tani zaidi ya 10,000 za mwani mkavu katika miaka mizuri. Wanawake wa kusini Unguja walioa­nza kushika pesa zao wenyewe kwa mara ya kwanza, wakajenga, wakasomesha. Na hii ni jamii ya Kiislamu moja kwa moja, wala hakuna aliyehitaji kwanza kumaliza mjadala wa Baghdad.

Kisha likaja la pili. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ule mwani wa bei nzuri, unaoitwa kotoni, ukaanza kufa. Maji ya maji kupwa yana joto mno kwake. Ukabaki ule wa bei ndogo. Na hapa tena alikuwepo mtu aliyebaki na swali, Dk. Flower Msuya wa taasisi ile ile, aliyefuatana na wakulima mwaka baada ya mwaka, akijaribu kupanda kwenye maji ya kina kwa nyavu za mfano wa mirija, akiwafundisha kinamama kusaga mwani na kutengeneza sabuni badala ya kuuza gunia likauke bei. Matatizo yakajitokeza ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha elimu ya mimea: kwenye kina unahitaji mashua, na wanawake wengi wa pale hawajui kuogelea. Swali la kisayansi likageuka swali la nani alimfundisha nani kuogelea. Hili lisingeonekana na mtafiti wa kuja na kuondoka. Hata hivyo pesa nyingi bado ziko kwengine, kwa wanaotoa ndani ya mwani ule ute unaotumika kwenye dawa za meno na aiskrimu. Mkulima wa Paje anauza kwa kilo, na kiwanda kiko ng'ambo. Kwa mwani tuliuliza vizuri na tukaachia jibu njiani.

La mwisho ndilo linalonikera zaidi, nalo ni la Pemba. Mwaka 2006 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kisiwani, yaliyohusisha watoto wadogo 24,076. Wakati ule ushauri wa dunia ulikuwa kuwapa watoto wote wadogo wa nchi zetu madini ya chuma na foliki, kwa sababu ya upungufu wa damu. Jambo la akili kabisa. Pemba, kwenye malaria nyingi ya wakati ule, wakagundua kwamba watoto waliopewa walilazwa hospitali au kufariki zaidi kwa kama asilimia 12 kuliko waliopewa vidonge vitupu, na mwezi Agosti 2003 sehemu hiyo ya majaribio ikasimamishwa. Katika kikundi kidogo kilichopimwa na kutibiwa malaria kwa karibu, wale wenye upungufu wa chuma walifaidika. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Pima uzito wake: ni watoto wangapi, kutoka Senegal hadi Papua, ambao hawakupewa kidonge kwa upofu kwa sababu ya kilichoonekana Pemba! Maabara ya afya ya Wawi, ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa 2000, ilikuwa ndani ya kazi hiyo, na bado ipo, na hilo ni kheri.

Nimewauliza Wapemba wa hapa Muscat, wasomi, wakiwemo madaktari wawili. Hakuna aliyekuwa na habari. Binamu yangu wa Chake, mwenye mtoto wa rika lile, anakumbuka vidonge vya kuyeyusha na vijana waliokuwa wakipita nyumba hadi nyumba na daftari. Nilipomweleza yaliyotokana nayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Wetu alikuwa upande upi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Wala simlaumu mtu wa maabara. Mie makala ile niliisoma 2009, kwa Kiingereza, katika maktaba, nikaijua, nikaitumia kusomeshea, na kwa miaka yote hiyo nikenda Pemba kila likizo nikala urojo na sikumwambia mtu. Tunashughulika kumhesabu Yaghi ni wetu au si wetu, na kazi iliyobadilisha dawa za watoto wa nusu ya dunia imefanyika Wawi na hatuna hata ukurasa mmoja wa Kiswahili tuliouandika juu yake.

Basi mie nimeanza. Nimekwishafasiri muhtasari wa majaribio yale kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, na nataka kabla ya mkataba wangu haujaisha mwezi wa Agosti niyafanye na ya mwani pia. Kwa yale ya kitabibu nahitaji daktari wa watoto aipitie lugha yangu, maana mie ni mtu wa maji. Penye kosa la tarehe au hesabu humu naomba nisahihishwe bila ya haya.

Wabillahi tawfiq.

Muscat